Makomando wa Majini wa Uingereza na Mtumbwi Ulioshuka Nile

Swali la msomaji wa Masese, Jinja: "Shikamoo mzee wetu. Hapa mwaloni vijana wanaosubiri mitumbwi ya usiku wamekuwa wakibishana kuhusu makomando wa majini. Mmoja anasema kikosi cha Waingereza kinachoitwa SBS kilianzishwa na mtu aliyepita hapahapa Jinja akipiga kafi kwenda Misri, na wenzake wanamcheka. Je, ni kweli? Kikosi hicho kilianzaje, kazi yake hasa ni ipi, na nchi yetu isiyo na bahari ina haja gani na askari wa namna hiyo?"

Marahaba, mwanangu. Huyo mnayemcheka ndiye mwenye haki ya kuwacheka nyinyi. Mwanzilishi wa kikosi hicho, Roger Courtney, aliishi Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Pili, akiwa mwindaji wa kulipwa nchini Kenya, na ndiye aliyeshuka Mto Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Misri katika mtumbwi mdogo wa turubai. Kwa kuwa Nile haina mlango mwingine wa kutokea ziwani isipokuwa hapo kwenu, nadhani ubishi huo umekwisha. Wanajeshi wenzake walipenda kusimulia kwamba alibeba gunia moja la viazi na mkuki wa kuwindia tembo, wala hakuwa na kingine cha maana. Ni masimulizi ambayo bila shaka hayakupungukiwa chumvi kadiri yalivyorudiwa.

Safari ile inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna wazo lote ambalo baadaye lilizaa kikosi. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, kwa hiyo katika siku za Courtney maporomoko ya Ripon yalikuwa bado yananguruma mahali mto unapotoka ziwani. Anayefuata mto kutoka hapo hukutana na maji makali mara kwa mara kabla ya kulifikia Ziwa Kyoga, kisha Karuma, kisha Murchison, ambako Nile nzima hujibana katika mwanya wa mawe wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Na mbele zaidi, upande wa Sudan, mto hutawanyika katika vinamasi vya Sudd ambavyo kwa karne nyingi viliwashinda wasafiri waliotoka kaskazini. Hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kuipita njia hiyo yote. Mtumbwi wa Courtney ulikuwa wa aina iliyouzwa Ulaya kwa watu wa matembezi, kwa jina la Folbot: fremu ya mbao nyembamba iliyovishwa turubai lililotiwa mpira, inayofunguliwa na kukunjwa hadi ikaingia mifukoni, ikabebwa begani kando ya maporomoko, kisha ikaundwa upya upande wa pili. Mtu anayesafiri hivyo hahitaji gati, wala injini, wala ruhusa ya mwenye bandari, na mtu aliyelala ukingoni hawezi kumsikia akipita.

Katikati ya mwaka 1940 Uingereza ilikuwa imekwisha kufukuzwa barani Ulaya kupitia Dunkirk, na serikali ya Churchill ilikuwa ikitafuta njia ya kuwasumbua Wajerumani kwenye pwani zote walizozishika. Makomando walikuwa wameanza kuundwa, na Courtney alikuwa miongoni mwao huko Uskoti. Aliwaendea wakubwa na wazo lake kwamba watu wawili wawili katika mitumbwi ya turubai wanaweza kufika mahali ambapo meli haifiki, wakafanya kazi na kuondoka. Admirali Roger Keyes, aliyeongoza operesheni za pamoja za majeshi ya nchi kavu na ya majini, hakushawishika. Ukifikiria meli za vita za wakati ule, zenye mizinga inayohesabiwa uzito kwa tani, unaweza kuelewa kwa nini mtu mwenye mtumbwi wa kukunja alionekana kama mtani.

Courtney hakukata tamaa. Manowari ya kusafirisha askari iliyoitwa HMS Glengyle ilikuwa imetia nanga katika mto Clyde, nayo ilikuwa na walinzi wake kama manowari yoyote. Usiku aliifuata kwa kafi, akaipanda bila kuonekana, akaandika herufi za jina lake kwenye mlango wa chumba cha nahodha, akavua kifuniko cha turubai cha mzinga mmoja wa sitahani na kuondoka nacho. Maofisa wa juu wa jeshi la majini walikuwa wakikutana katika hoteli moja ya Inveraray, karibu na hapo. Courtney aliingia akiwa amelowa chapachapa na kuwatupia kile kifuniko kinachotiririka maji. Alipandishwa cheo kuwa kapteni na kupewa watu 12. Kikosi hicho kidogo kilichofanya mazoezi katika kisiwa cha Arran kiliitwa kwanza kwa jina la mtumbwi wenyewe, yaani Kikosi cha Folbot, na baada ya muda kikapewa jina la Sehemu Maalumu ya Boti (Special Boat Section), ambalo ndilo asili ya herufi SBS.

Sasa nije kwenye kazi yao, na hapa nitawapinga vijana wako wote, akiwemo yule aliyeshinda ubishi. Watu wengi wanapolisikia neno komando huona bunduki na milipuko. Kwa maoni yangu, kazi kubwa kuliko zote ya kikosi cha aina hii, tangu siku za Courtney hadi leo, imekuwa ni kupeleka macho ufukweni kabla ya jeshi kuteremka. Jeshi linaloshuka kutoka baharini linahitaji kujua mambo ambayo ndege iliyo juu haiwezi kuyaona vizuri: kina cha maji hatua kwa hatua hadi nchi kavu, miamba na mafungu ya mchanga yaliyofichika chini ya uso wa maji, ugumu wa mchanga wenyewe, na njia ya kutokea ufukweni kwa magari. Haya hujulikana kwa mtu kuyaendea kwa miguu na mikono yake mwenyewe.

Mfano wa kwanza ni wa Machi 1941, katika kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa mikononi mwa Waitaliano. Courtney alikuwa amepelekwa Mashariki ya Kati na watu wake, na huko akakutana na ofisa wa jeshi la majini, bingwa wa kuongoza meli, Nigel Clogstoun-Willmott, ambaye alikuwa ameshuhudia mwaka uliotangulia, katika vita vya Norway, jinsi ramani mbaya zinavyoweza kuua watu. Nyambizi iliwasogeza karibu na pwani, wakateremsha mtumbwi, na karibu na ufuko mmoja wao akaingia majini huku mwenzake akibaki kuushika mtumbwi. Hawakuwa na suti za mpira kama za wapiga mbizi wa leo. Walivaa nguo nzito za sufu zilizopakwa grisi ili kupunguza makali ya baridi. Waliogelea hadi mahali walipoweza kuwaona walinzi, wakapima kina, wakaandika, wakarudi, na usiku uliofuata wakafanya hivyo tena. Uvamizi wenyewe wa Rhodes haukufanyika wakati ule, na mtu angeweza kusema kazi yao ilipotea bure. Haikupotea, kwa sababu Willmott aliitumia kuunda vikosi vidogo vya upelelezi wa fukwe, vilivyojulikana kwa herufi COPP, ambavyo ndivyo vilivyokwenda kukagua pwani ya Ufaransa.

Usiku wa kuamkia mwaka 1944, wakati Wajerumani wa zamu wakisherehekea, watu wawili wa COPP, ofisa Logan Scott-Bowden na sajini Bruce Ogden-Smith, waliogelea hadi ufuko wa Normandy. Wataalamu walikuwa na wasiwasi kwamba chini ya mchanga wa pwani ile kulikuwa na tabaka za udongo laini wenye mboji ambazo vifaru vingezama ndani yake. Kila mmoja alibeba kekee ndefu ya kutobolea ardhi na mirija ya kuhifadhi sampuli. Walitambaa tumboni mahali palipopangwa, wakachimba, wakajaza mirija, wakaandika mahali kila sampuli ilipotoka, kisha wakapambana na mawimbi kurudi walikotoka. Hawakufyatua risasi hata moja. Miezi mitano baadaye, tarehe 6 Juni 1944, magari na vifaru vilishuka katika fukwe ambazo udongo wake ulikuwa umeshachunguzwa na wataalamu mjini London.

Upande wa pili wa dunia Wamarekani walijifunza somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Novemba 1943, huko Tarawa katika Bahari ya Pasifiki, boti zao zilikwama juu ya mwamba wa matumbawe kwa sababu maji yalikuwa machache kuliko yalivyokadiriwa, na askari wakalazimika kutembea majini mamia ya mita mbele ya bunduki za Wajapani. Baada ya hapo waliunda vikosi vya wapiga mbizi wa kukagua na kulipua vizuizi vya pwani, na kutoka katika vikosi hivyo wakazaliwa SEAL, makomando wa majini wa Marekani, mwezi Januari 1962. Nakutajia hili kwa sababu vijana hupenda kuwachanganya SEAL na SBS. Hao ni binamu, ambao kila mmoja ana baba yake.

Milipuko nayo ina nafasi yake, wala siwezi kuiruka, maana kuna operesheni moja ambayo bado hufundishwa hadi leo. Mwaka 1942 ofisa wa wanamaji wa Kifalme, Herbert Hasler, aliunda kikosi kingine cha mitumbwi, tofauti na kile cha Courtney, kwa nia ya kushambulia meli zikiwa bandarini. Bandari iliyochaguliwa ilikuwa Bordeaux nchini Ufaransa, ambako meli za Wajerumani zilipenya kizuizi cha Waingereza zikileta mpira na malighafi nyingine kutoka Asia. Bordeaux haiko pwani. Iko ndani ya mto, zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali nyambizi iliweza kuwaacha. Usiku wa tarehe 7 Desemba 1942 nyambizi HMS Tuna iliibuka karibu na mdomo wa mto Gironde ikiwa na mitumbwi sita. Mmoja ulichanika ulipokuwa ukitolewa kwenye mlango wa nyambizi, kwa hiyo mitano ikaondoka, na ndani yake watu 10.

Sisi watu wa ziwa hatuna uzoefu wa maji kujaa na kupwa, kwa hiyo inabidi nieleze kilichowapata. Bahari inapojaa huusukuma mto kurudi nyuma, na inapopwa mto hutoka kwa nguvu zake zote pamoja na za bahari. Katika mdomo mwembamba wenye mafungu ya mchanga, mikondo hiyo miwili hugongana na kuinua mawimbi hata usiku usio na upepo. Mtumbwi mmoja ulipotea humo usiku wa kwanza, na mwingine ukapinduka, na watu wake wawili wakafa kwa baridi ya maji. Waliobaki walisafiri usiku tu, wakipiga kafi maji yalipojaa ili mkondo uwasaidie, na mchana walilala chini ya vyandarua vya kujifichia katika matete ya ukingoni. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba mitumbwi miwili tu ndiyo iliyofika bandarini.

Silaha yao ilikuwa bomu dogo lenye sumaku, linaloshushwa kwa fimbo ndefu hadi chini ya mstari wa maji na kubandikwa ubavuni mwa meli. Fyuzi yake ilikuwa ya kimya kabisa: kichupa cha asetoni huvunjwa, nayo asetoni hula kijisahani cha seluloidi polepole kwa saa kadhaa hadi kinaachia pini. Hasler na mwenzake Bill Sparks walikuwa wamekwisha kubandika mabomu kadhaa pale mlinzi wa meli mojawapo alipowasha tochi na kuwamulika. Walifanya jambo moja tu walilofundishwa, nalo ni kuinama na kuganda. Mtumbwi ulichukuliwa taratibu na mkondo kando ya meli, mlinzi akaufuata kwa hatua zake sitahani, viatu vyake vikigonga chuma juu ya vichwa vyao, na mwishowe akazima tochi. Kulipopambazuka mabomu yalianza kulipuka mfululizo, na meli kadhaa ziliharibiwa pale zilipofungwa.

Gharama yake isifichwe. Kati ya wale 10, wawili walikufa majini. Sita walikamatwa kwa nyakati tofauti na kupigwa risasi kwa amri ya Hitler ya Oktoba 1942 iliyoagiza makomando wauawe hata wakijisalimisha, ingawa walikuwa wamevaa sare. Hasler na Sparks pekee ndio waliorudi nyumbani, baada ya kuvuka Ufaransa kwa miguu na kwa msaada wa wananchi hadi Hispania. Mpango haukuwa na chombo cha kuwachukua. Kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba njia ya kurudi ni kuzamisha mtumbwi na kutembea. Ninapoulizwa kama operesheni ile ilifaulu, mimi hujibu kwamba ilifaulu kama shambulio, lakini ilikuwa mbovu kama mpango, na ndiyo maana waliokuja baadaye walisisitiza mno suala la namna ya kuondoka.

Historia ya majina ya vikosi hivi katika miaka ya vita imejaa mikunjo, na sitakuchosha nayo. Yatosha kujua kwamba watu wa Courtney walioachwa Mediterania walipungua kwa vifo na kutekwa, wakaunganishwa na SAS, kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu la Uingereza, na mwaka 1943 wakaundwa upya chini ya George Jellicoe, wakavishambulia visiwa vya Ugiriki kwa mashua za kienyeji. Shujaa wao aliyevuma zaidi alikuwa Mdenmark, Anders Lassen, aliyeuawa Aprili 1945 katika wangwa wa Comacchio nchini Italia, maji ya kina kifupi yenye matope na tuta jembamba la kupita, ambako mitumbwi ndiyo iliyowafikisha na bunduki za adui zikawakuta mahali pasipo na pa kujificha. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kifo chake. Courtney mwenyewe alirudi Afrika baada ya vita na kufia Somaliland mwaka 1949.

Vita vilipokwisha vikosi vingi vya aina hii vilivunjwa. Kazi ya mitumbwi ilibaki mikononi mwa wanamaji wa Kifalme, ambao waliwakusanya waliobaki na ujuzi wao, na kwa hiyo SBS ya leo ni mtoto wa Courtney na wa Hasler kwa pamoja. Makao yake yapo Poole, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1987 jina lilibadilishwa kuwa Huduma Maalumu ya Boti (Special Boat Service) na kikosi kikawekwa chini ya kamandi moja na SAS. Mchujo wa kuingia siku hizi ni wa pamoja: miezi kadhaa ya kupanda milima ya Wales na mizigo mgongoni, kisha msituni, kisha mafunzo ya kukwepa kukamatwa na kustahimili mahojiano. Wanaopita na kuchagua maji huendelea na kupiga mbizi, mitumbwi, vyombo vidogo vya kusafiria chini ya maji na upandaji wa meli zinazotembea. Serikali ya Uingereza ina desturi ya kutozungumzia kazi za vikosi vyake maalumu, na tunayoyajua hutoka zaidi kwa matukio ambayo hayakuweza kufichwa.

Tukio mojawapo ni la Mei 1972, wakati mtu aliposema kwa simu kwamba kuna mabomu ndani ya meli ya abiria Queen Elizabeth 2, iliyokuwa katikati ya Atlantiki. Timu iliyokuwa na askari wa SBS na mtaalamu wa mabomu iliruka kwa parachuti hadi baharini, ikavutwa melini, ikapekua, na haikukuta bomu. Baada ya hapo, mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalipoanza kulisha uchumi wa Uingereza, kikosi kilipewa jukumu la kujiandaa kuikomboa mitambo ya mafuta iliyosimama majini endapo ingetekwa, kazi inayohitaji mtu kutoka chini ya maji usiku na kupanda nguzo ya chuma iliyolowa mafuta na chumvi.

Katika vita vya Falkland mwaka 1982 walirudia kazi yao ya kale. Wiki kadhaa kabla ya jeshi kushuka San Carlos tarehe 21 Mei, timu zao zilikuwa zimelala katika mashimo ya udongo zikiwatazama Waargentina na kupima fukwe. Huko pia walionja hatari ya kazi ya siri: usiku mmoja mwanzoni mwa Juni, doria ya SBS na doria ya SAS zilikutana gizani bila kutambuana, na sajini mmoja wa SBS akauawa na risasi za wenzake. Januari 1991 walipelekwa kwa helikopta karibu na Baghdad, mbali kabisa na bahari yoyote, wakachimba na kukata nyaya za mawasiliano za jeshi la Iraq. Oktoba 2020 walishuka kwa kamba juu ya meli ya mafuta Nave Andromeda, iliyotoka Lagos, baada ya mabaharia wake kujifungia ndani kwa kuhofia wazamiaji saba waliogunduliwa melini. Meli ilidhibitiwa kwa dakika zisizofika 10, bila mtu kuumia, na baadaye mashtaka dhidi ya wale wazamiaji yakaondolewa kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba walitaka kuiteka.

Sasa swali lako la mwisho, linalotuhusu sisi. Watu husema Uganda haina bahari kana kwamba haina maji. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na karibu asilimia 45 yake ni yetu. Kiwanja chetu kikuu cha ndege, Entebbe, kimejengwa ukingoni mwake. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 1976, ndege ya Air France iliyotekwa ilipokuwa Entebbe na mateka wakishikiliwa katika jengo la zamani la abiria, mmoja wa mipango ya kwanza ya Waisraeli ulikuwa wa maji: kuwadondosha makomando wao wa majini ziwani pamoja na boti za mpira, wasogee hadi kiwanjani, wawaue watekaji, kisha wamwombe Idi Amin awape njia ya kutoka. Mpango huo uliachwa. Muda ulikuwa mfupi, taarifa za mamba wa ziwani ziliwatia wasiwasi, na wenye akili ya kijeshi waliona kasoro kubwa kuliko mamba, yaani kwamba usalama wa kurudi ulitegemea hisani ya mtu ambaye hawakumwamini. Walikuja kwa ndege usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Mimi huchukulia uamuzi ule wa kuuacha mpango kuwa somo zuri kuhusu makomando wa majini kuliko filamu zote, maana boti ingewafikisha bila tatizo, na baada ya hapo wangebaki wamekaa nchi kavu na mateka zaidi ya mia moja bila chombo cha kuwabeba.

Leo jeshi letu, UPDF, lina askari wake wa majini, na mwaka 2017 kiliundwa kikosi cha ulinzi wa uvuvi ambacho nyinyi wa mwaloni mnakijua vizuri kuliko mimi, pamoja na malalamiko ambayo wavuvi wameyapeleka hadi bungeni. Nisingependa vijana wako wachanganye doria hiyo na tunachokizungumza hapa. Doria huonekana, na inapaswa kuonekana, kwa sababu kazi yake ni sheria: nyavu, leseni, magendo, uokoaji. Kikosi maalumu cha maji huwa kidogo, hufunzwa kwa miaka, na hutumika mara chache kwa jambo ambalo doria haiwezi. Je, mambo hayo yapo kwetu? Yapo. MV Kalangala hubeba abiria kati ya Nakiwogo na visiwa vya Ssese. Ikitekwa katikati ya maji, ni nani atakayeipanda ikiwa inatembea, usiku, bila kumwaga damu ya abiria? Upande wa Ziwa Albert, visima vya Kingfisher vimechimbwa kutoka ufukweni hadi chini ya ziwa lenyewe, katika maji tunayogawana na Kongo na ambamo damu ilikwisha kumwagika mwaka 2007 wakati wa mvutano kuhusu mpaka na kuhusu kisiwa cha Rukwanzi. Waingereza walianza kufikiria ulinzi wa mitambo yao ya mafuta kabla ya mtu yeyote kuigusa, na sioni sababu ya sisi kusubiri.

Kinachohitajika kwa kuanzia si vyombo vya gharama. Ni ramani sahihi za kina cha maji katika ghuba na milango ya visiwa, na watu wachache wanaoijua kila mwamba na kila mkondo kama wavuvi wa hapo wanavyoijua, jambo ambalo wanafunzi wa mijini hawawezi kulisoma darasani. Vijana wa mwaloni wana faida hapo. Wana upungufu mmoja pia, ambao wewe wa mwaloni umeuona kila mara chombo kinapopinduka: wengi wao wamezaliwa ukingoni na hufanya kazi juu ya maji kila usiku bila kujua kuogelea. Huyo mshindi wa ubishi, kama ana nia ya kweli ya kujiunga na askari wa majini usajili wa jeshi utakapotangazwa, ajifunze kwanza kuogelea akiwa amevaa nguo na viatu, ufukweni mahali penye mtu wa kumtazama, kisha aje tuzungumze kuhusu kafi.